Impact: wino mwingi katika nafasi finyu

Picha za mzaha zinazozunguka WhatsApp, zenye maneno meupe mazito juu na chini, kila herufi ikiwa na ukingo mweusi, huandikwa kwa fonti iitwayo Impact. Wengi hudhani ilizaliwa na intaneti. La. Ilichorwa na Mwingereza Geoffrey Lee, mbunifu wa matangazo, ikatolewa mwaka 1965 na Stephenson Blake, kiwanda cha Sheffield kilichokuwa kikisubu herufi za risasi kwa ajili ya wachapaji.

Lee alitaka wino uenee kwa wingi kadiri inavyowezekana bila kuongeza kipimo cha herufi. Kwa hiyo alipandisha kimo cha herufi ndogo hadi zikakaribia zile kubwa. Mikia ya g, j na p aliikata, vichwa vya b, k na l akavifupisha. Kisha akanenepesha nguzo na kuubana uwazi ulio ndani ya a, e na o mpaka ukabaki ufa mwembamba uliosimama wima. Watu husifu unene wake. Mimi naona kazi yote iko kwenye ufa huo. Ukiziba, o hugeuka donge jeusi, na a haitofautiani na e.

Herufi za namna hii zinafaa sana vichwa vya habari vya Kiswahili. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa mpigo, na neno kama “watakaoyawasilisha” humaliza upana wa safu. Herufi zilizobanwa huliingiza lote bila kupunguza kimo, na kwa kuwa mikia ni mifupi, mistari miwili inaweza kukaribiana bila kugongana. Tatizo ni kwamba lugha yetu imejaa irabu. Katika maandishi madogo nyufa huziba, na msomaji huchoka kabla ya sentensi ya tatu. Kadi ya mwaliko iliyoandikwa yote kwa Impact ni adhabu kwa wageni.

Mwaka 1996 Microsoft iliiingiza katika kifurushi cha fonti ilizotoa bure kwa ajili ya tovuti, nayo ikaenea kwenye kompyuta nyingi. Watengenezaji wa picha za mzaha waliikuta imekwisha kuwekwa. Ukingo mweusi nao si pambo: picha huwa na wingu jeupe hapa na nywele nyeusi pale, na herufi nyeupe yenye ukingo husomeka kote kuwili. Herufi nyembamba ingemezwa na ukingo huo.

Ukiitumia kwenye bango, usibonyeze kitufe cha kukoleza. Impact inayokuja na kompyuta haina umbo la pili lililochorwa kuwa nene zaidi, hivyo programu huivimbisha tu, na ule ufa wa Lee ndio wa kwanza kuzibwa. Wala usiivute kwa upana ili ijaze nafasi: nguzo zitanenepa lakini mistari ya kulala itabaki ilivyo, na herufi itapinda sura. Ongeza kipimo chake, au punguza maneno.