Hasheem Thabeet alikuwa garasa? Tumpime kwa dakika

HAPA Majengo, jijini Dodoma, ubishi wa soka hauna msimu. Kuanzia sokoni hadi vijiwe vya bodaboda, habari ni Simba, Yanga na Dodoma Jiji, na kila mtu ana hukumu yake mfukoni. Straika akikaa mechi tano bila bao, anaitwa garasa. Kiungo akifunga mawili siku ya dabi, anaitwa mfalme. Kesi inafungwa hapo hapo, chai haijapoa.

Kuna Mtanzania mmoja ambaye kesi yake ilifungwa hivyo hivyo miaka mingi iliyopita, na wala hakuwa mwanasoka. Ni Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Kikapu ya Marekani, NBA. Mtaje popote palipo na televisheni ya michezo, utajibiwa, "Yule mrefu? Si aliwafelisha Wamarekani?" Na Wamarekani wenyewe wamemweka kwenye orodha ya chaguo mbovu kuliko zote katika historia ya ligi yao.

Leo tuifungue kesi upya, kwa hesabu. Mtu wa soka usikimbie, maana hesabu zenyewe zitakufaa hata Jumapili ukienda Uwanja wa Jamhuri.

TUANZIE ALIPOANZIA

Juni 25, 2009, klabu za NBA zilikaa kuchagua vijana kwa zamu, shughuli inayoitwa drafti. Los Angeles Clippers walikuwa wa kwanza, wakamchukua Blake Griffin. Memphis Grizzlies walikuwa wa pili, wakamtaja Hasheem.

Haikuwa bahati nasibu. Jamaa alikuwa na urefu wa futi saba na inchi tatu, na msimu wake wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo. Alikuwa mlinzi bora wa ligi yao ya vyuo, Big East, mara mbili mfululizo. Kwa lugha yetu, huyo ni beki wa kati ambaye washambuliaji wakimwona tu wanageuza njia.

Tatizo ni waliotajwa baada yake. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa nne Tyreke Evans. Wa saba Stephen Curry. Wote watatu ni magadi, yaani wale wachezeshaji wa pembeni na wa kati wanaoshika mpira, wanaopanga timu na kutupa kutoka mbali. Ni kama usajili wa dirisha moja ambapo klabu inanunua beki, halafu jirani zake wanaondoka na namba kumi watatu.

HUKUMU YA HARAKA

Msimu wa kwanza wa Hasheem, 2009/10, ulisomeka hivi: mechi 68, alianza 13, pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloku 1.3. Februari 2010 Memphis wakampeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini ya kukuzia vipaji. Hadi wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko.

Msimu huohuo Evans alimaliza na pointi 20.1 kwa mchezo akawa mchezaji bora chipukizi. Curry alikuwa na 17.5. Weka 3.1 pembeni ya 20.1, kesi imekwisha. Ndivyo mitaa ilivyohukumu, huko na huku.

DAKIKA NDIZO MSINGI

Sasa uliza swali ambalo shabiki wa soka analijua vizuri kuliko anavyodhani: alipewa dakika ngapi?

Evans alicheza dakika 37.2 kwa mchezo, Curry 36.2. Hasheem alipewa dakika 13 kati ya 48. Ni sawa na kumlinganisha straika anayeanza kila mechi na mwenzake anayeingia dakika ya 66, kisha ukashangaa mbona mabao hayalingani.

Ndiyo maana wataalamu wa kikapu hupima kazi kwa kila dakika 36, ambazo ni kama zamu ya kawaida ya mchezaji wa kikosi cha kwanza. Unachukua alichofanya, unagawa kwa dakika alizocheza, unazidisha kwa 36. Kwenye soka tunafanya vilevile kwa dakika 90.

Mpe Hasheem hesabu hiyo. Pointi 3.1 zinakuwa 8.6. Ribaundi 3.6 zinakuwa 10. Bloku 1.3 zinakuwa 3.6. Hiyo ya mwisho isimamie kidogo. Msimu huohuo Dwight Howard wa Orlando Magic ndiye aliyechaguliwa mlinzi bora wa NBA nzima. Alikuwa na bloku 2.8 katika dakika 34.7, yaani 2.9 kwa kila dakika 36. Kijana wetu, kwa kila dakika aliyokuwa uwanjani, alizima mipira mingi kuliko mlinzi bora wa ligi.

Na alipotupa, aliingiza. Asilimia 58.8 ya mitupo yake ya uwanjani iliingia. Huyo ndiye mnayemwita garasa?

USISHANGILIE MAPEMA

Hapa ndipo mwenye kupenda takwimu anapotakiwa kuwa mkweli, maana namba zinaweza kudanganya kwa upande wa pili pia.

Kwanza, hiyo asilimia 58.8 ilitokana na mitupo miwili hivi kwa mchezo, na mingi ni ya chini ya pete. Timu ya NBA hutupa zaidi ya mara 80 kwa mchezo. Piga hesabu ya dakika 13, gawa kwa watu watano, utaona fungu la kila mmoja linakaribia mitupo minne na nusu. Hasheem alitumia nusu ya fungu lake. Ni kama straika mwenye mabao mawili kwa mashuti matatu msimu mzima. Ulengaji wake unapendeza, lakini beki hana sababu ya kumkaba, na wenzake wanabaki wanne kwenye kushambulia.

Pili, mitupo huru, ile ya adhabu ambayo hakuna anayekukaba. Aliingiza asilimia 58.1. Curry msimu huo aliingiza asilimia 88.5. Mchezaji wa kikapu anayekosa mitupo huru ni kama mpigaji penalti anayejulikana kupaisha: mpinzani anaweza kumchezea faulo makusudi bila hofu.

Tatu, anayeingia kutoka benchi mara nyingi hukutana na wa benchi wenzake. Na mlinzi anayeruka kuzima kila mpira hulipa kwa faulo, wakati NBA ukifika faulo sita unatoka. Hakuna anayeweza kuapa kwamba bloku 3.6 zingebaki 3.6 kama angepewa dakika 36 za kweli.

Nne, mbele yake pale Memphis walikuwepo Marc Gasol na Zach Randolph. Kukaa nyuma ya watu hao si aibu, lakini pia hakuna kocha ambaye angewatoa ili kijana ajifunze.

SOMO LA MAGADI

Hata kwa magadi wenyewe, namba moja haitoshi. Evans alimshinda Curry kwa pointi na kombe la chipukizi likaenda kwake. Lakini kuna kipimo kingine kinachojumlisha mitupo ya pointi mbili, ya pointi tatu na mitupo huru, kisha kinauliza: kwa nafasi ulizotumia, ulirudisha nini? Tukiite ulengaji halisi.

Curry alipata karibu asilimia 57. Evans karibu 53. Kwa mbali, Evans aliingiza asilimia 25.5 ya mitupo ya pointi tatu, Curry 43.7. Mmoja alikuwa na mabao mengi kwa sababu alipiga mashuti mengi. Mwenzake alikuwa analenga.

Miaka sita baadaye, msimu wa 2015/16, Curry alifunga mitupo 402 ya pointi tatu, akawa na wastani wa pointi 30.1, na ulengaji wake halisi ukafika asilimia 66.9. Golden State Warriors walishinda mechi 73 na kupoteza tisa, na yeye akawa mchezaji bora kwa kura zote. Dalili zilikuwepo tangu 2010, ila hazikuwa kwenye safu ya pointi ambayo wote tulikuwa tunaitazama.

Hapa kwetu tunakosea palepale. Msimu wa 2023/24 Stephane Aziz Ki wa Yanga alimaliza na mabao 21, Feisal Salum 'Fei Toto' wa Azam na 19. Vijiwe vikabishana juu ya mabao hayo mawili mpaka sauti zikakauka. Wangapi waliuliza kila mmoja alicheza dakika ngapi, alipiga mashuti mangapi, na mangapi yalikuwa penalti?

SHTAKA LA KWELI

Turudi kwa Hasheem, maana bado hatujafika kwenye kiini. Februari 2011 Memphis walimpeleka Houston Rockets kwenye biashara iliyomrudisha Shane Battier. Houston alicheza mechi saba tu, kisha Portland Trail Blazers mechi 15. Mwaka 2012 akatua Oklahoma City Thunder, timu iliyoshinda mechi 60 msimu huo na kuongoza kanda ya Magharibi.

Pale alicheza mechi 66, dakika 11.7 kwa mchezo, pointi 2.4, ribaundi 3.0 na bloku 0.9. Zipeleke kwenye dakika 36: pointi 7.4, ribaundi 9.2, bloku 2.8.

Linganisha na msimu wa kwanza: 8.6, 10 na 3.6. Umeona? Miaka mitatu imepita, yuko kwenye umri ambao mchezaji anapaswa kupaa, na kwa kila dakika anafanya kidogo kuliko alipoanza.

Chukua Harden. Msimu wake wa kwanza hakuwa nyota, alikuwa na pointi 9.9 katika dakika 22.9, sawa na 15.6 kwa dakika 36. Msimu wa tatu alifika 16.8 katika dakika 31.4, sawa na 19.3, na akawa mchezaji bora wa akiba wa ligi. Yeye aliongezeka.

Hilo ndilo shtaka lenye uzito dhidi ya Hasheem: hakukua. Na hilo nalo lina maelezo yake. Alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani wana miaka minane au kumi ya mazoezi. Alipofika NBA alihitaji dakika kuliko mtu yeyote, na dakika ndizo alizokosa. Katika mechi zote 224 za NBA hakupata msimu hata mmoja wa kikosi cha kwanza.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Memphis walikosea kuchagua, kwa sababu magadi watatu waliokuwa mezani walikuwa na thamani kubwa zaidi. Lakini kosa la mnunuzi si dhambi ya mnunuliwa. Kazi aliyopewa, ya kulinda pete kwa dakika 13, aliifanya vizuri. Kazi ambayo hakuweza ni kuwa mkubwa zaidi ya hapo.

DAFTARI NA KALAMU

Haya si mambo ya Marekani tu. Kila dirisha la usajili klabu zetu zinawaacha vijana kwa maneno yaleyale: "Ana mabao matatu tu." Matatu kwa dakika 270 ni bao moja kila dakika 90, na straika wa namna hiyo haachwi, anaongezewa muda. Matatu kwa dakika 1,800 ni habari nyingine kabisa. Ukiwahukumu wawili hao kwa namba moja, utamtupa mmoja aliyestahili kubaki, na pengine utamlipa mwingine mshahara wake.

Hesabu zote za hapo juu unaweza kuzifanya na daftari la shule na kalamu. Andika aliingia dakika ya ngapi, alitoka lini, alipiga mashuti mangapi, mangapi yalilenga lango. Fanya hivyo kwa mechi kumi za Jamhuri. Ukirudi kijiweni Majengo, ukamsikia mtu anamwita kijana garasa, muulize kwanza: kwa dakika ngapi?