UFAFANUZI KUHUSU UKOKOTOAJI WA MASAFA NA MUDA WA SAFARI KWA KOMPYUTA

Watumishi wa umma na wananchi hukutana mara kwa mara na tarakimu za kilometa na saa zitolewazo na kompyuta, iwe katika maombi ya masurufu ya safari au katika upangaji wa magari ya wagonjwa. Tarakimu hizo zina uzito. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 kuwasafirisha kwa dharura wajawazito na watoto wachanga kupitia namba 115, hutegemea kujua gari lipi litafika mapema. Yafuatayo ni maelezo mafupi, kwa mifano ya Mkoa wa Songwe.

1. Mstari ulionyooka. Kanzidata huhifadhi latitudo na longitudo ya kila kituo, kisha hukokotoa umbali kwa kutumia nusukipenyo cha dunia, yaani kilometa 6,371. Kwa hesabu hiyo, Tunduma na Jiji la Mbeya hutengana kwa takriban kilometa 87. Kwa barabara, hata hivyo, safari hiyo huzidi kilometa 100.

2. Barabara. Barabara hugawanywa katika vipande, na kila kipande huandikiwa urefu wake. Kanuni iliyochapishwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959 huchagua mfululizo wa vipande wenye jumla ndogo kuliko yote. Mipaka ya utawala haimo katika hesabu hiyo. Kwa sababu hiyo, gari litokalo Vwawa kwenda Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, laweza kuelekezwa Mbalizi, iliyo Mkoa wa Mbeya, ingawa safari yaanzia na kuishia katika mkoa mmoja.

3. Muda. Urefu wa kila kipande hugawanywa kwa mwendo wake. Kilometa 60 za lami kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa huchukua saa 1. Kilometa 60 za udongo kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa huchukua saa 3. Hivyo kituo kilicho karibu huenda kisiwe kile kinachofikiwa mapema, hasa wakati wa mvua.

4. Mpakani. Kituo cha Huduma za Pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019. Foleni ya malori haina urefu wa barabara wa kugawanywa. Muda wake hauna budi kuingizwa peke yake.

Ikumbukwe kwamba kompyuta hujua lile tu iliyoambiwa. Daraja likikatika na kanzidata isirekebishwe, gari la mgonjwa litaelekezwa huko huko. Kwa kuwa kanzidata ya mtandaoni husomwa na ofisi nyingi kwa wakati mmoja, sahihisho moja huzifikia zote, na kosa moja vilevile.

Kwa hiyo, madereva wanashauriwa kujaza daftari la safari kwa ukamilifu, kwani saa halisi zilizotumika ndizo zinazosahihisha makadirio. Wananchi nao wanashauriwa kutoa taarifa ya barabara iliyoharibika kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, ili ifikishwe TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, au TARURA kwa barabara za vijijini na mijini.