MBOGA ZA JIONI KWA NUSU SAA

Mkulima wa Imenti arudipo kutoka kiwandani alikopeleka kahawa, na karani wa Embu afungapo ofisi, wote hufika nyumbani jua limekwisha tua. Watoto wana njaa na moto haujawashwa. Githeri ya mahindi na maharagwe makavu yataka saa mbili, pengine tatu, mekoni. Basi mara nyingi watoto hupewa chai na mandazi wakalale, na huku mchicha umestawi nyuma ya nyumba. Jambo hili lasikitisha, tena si la lazima.

Nchi hii haikunyimwa mboga. Pande za Kibirichia na Timau hulimwa viazi na kabichi. Chini, kuelekea Mbeere na Tharaka, kunde hustahimili ukame, na majani yake ni mboga njema. Sukuma wiki na terere, yaani mchicha, hupatikana karibu kila mahali.

WEPESI WENYE FAIDA

Wahenga walisema, "Haraka haraka haina baraka." Lakini mboga za majani zina sheria yao. Vitamini C iliyomo huyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto mwingi. Mpishi achemshaye mchicha kwa saa nzima, kisha akamwaga maji yake, amemwaga sehemu kubwa ya chakula chenyewe. Magadi nayo hulainisha majani upesi, lakini huiharibu vitamini hiyo. Afadhali kuyaacha.

Vile vile usiogope kutia mafuta kidogo. Majani mabichi yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, itakiwayo kwa afya ya macho, na mwili hukipokea vizuri zaidi kikiliwa pamoja na mafuta.

JINSI YA KUPIKA

Chuma mboga karibu na wakati wa kupika. Zioshe kwa maji safi kabla ya kuzikata, wala si baada yake. Kaanga kitunguu kimoja katika vijiko viwili vya mafuta, tia nyanya mbili au tatu, koroga mpaka zilainike. Kisha tia majani na chumvi, funika sufuria. Maji yaliyobaki katika majani baada ya kuoshwa yatosha. Mchicha huiva kwa dakika tano hivi; sukuma wiki huzidi kidogo; majani ya kunde, kwa kuwa ni magumu, yataka dakika kumi hadi kumi na tano na maji kidogo.

Je, githeri iachwe? La! Maharagwe yalowekwe usiku kucha, na maji hayo yamwagwe. Hivyo huiva upesi na kuni hupungua. Yachemshwe kwa moto mkali mpaka yaive kabisa, kwa maana maharagwe mabichi yana sumu. Chemsha githeri jioni hii kwa ajili ya kesho, uifunike na kuiweka mahali pa baridi. Asubuhi ichemshe tena. Jioni utaikaanga pamoja na mboga, na chakula kitakuwa tayari kabla ya nusu saa kwisha. Lakini ikitoa povu au harufu ya uchachu, itupe. Tumbo la mtoto lina thamani kuliko sufuria ya githeri.

KAZI YA WOTE

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Mama aliyechuma kahawa tangu asubuhi amechoka sawa na wewe. Mtoto mkubwa aweza kuosha majani, na baba aweza kuwasha moto au kukata vitunguu, wala heshima yake haitapungua. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba isaidianayo jikoni hula mapema, na watoto wake hulala wameshiba.