Mtoto Akitaka Mkia wa Mamba Muntu

Mwezi huu nina habari ya maji, na naomba akina mama msiifunge karatasi mapema.

Jumapili moja nilikuwa Bugolobi, Kampala, kwa mdogo wangu. Wanaoijua Kampala wanajua ile barabara inayoelekea Luzira na Port Bell, kwenye ziwa Victoria. Tukapeleka watoto kwenye pisini ya hoteli. Mimi nimekaa kivulini na kitenge changu cha pili pembeni. Binti wa mdogo wangu, miaka 9, akakichukua bila kuuliza, akajifunga miguu yote miwili kutoka kiunoni hadi kwenye vifundo.

“Mama mukubwa, angalia! Miye niko mamba muntu!”

Halafu chubwi, ndani ya maji.

Yale maji yalimfika kifuani akisimama. Lakini mtu aliyefungwa miguu anasimamaje? Nilimwona anageuka, uso chini, mikono inatapatapa. Kijana anayelinda pisini alimfikia kabla mimi sijavua viatu. Mtoto alikohoa, akalia, baada ya nusu saa akaomba chapati. Mimi mpaka jioni mikono inatetemeka.

Aliyapata wapi hayo? Sehemu moja ni ile filamu ya The Little Mermaid, iliyotolewa upya mwaka 2023. Sehemu nyingine ni sisi wenyewe. Nani aliyekulia Congo asiyeijua ile picha ya saluni, mwanamke mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, na nyoka na kioo na kitana? Miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi waliiuza sana. Huyo ndiye mamba muntu. Wa pwani wanamwita nguva, ingawa nguva ni mnyama wa kweli wa baharini, ananyonyesha na anakula majani ya chini ya maji. Siku hizi kuanzia Kenya mpaka Tanzania wamebaki wachache mno.

Basi, kumbe huko duniani kuna watu wazima wanaofanya umamba muntu kuwa mchezo wao wa mapumziko! Si jambo jipya kabisa. Mwaka 1947, pale Weeki Wachee, Florida, Marekani, wanawake walianza kuonyesha michezo chini ya maji ya chemchemi, wakivuta hewa kwenye mpira mrefu. Leo baadhi ya wanaoupenda ni wazamiaji, wale wanaovaa mitungi ya hewa mgongoni. Wanaacha mtungi, wanavaa mkia. Ndani yake kuna pezi moja pana la kuingiza miguu yote miwili, na juu kitambaa cha kuvutika. Mikia mingine ni ya silikoni na inapita kilo 10. Miguu haipigi mmoja mmoja, mwili mzima unakwenda kama wimbi kuanzia kifuani. Shirika la PADI, linalofundisha uzamiaji duniani, lina kozi zake za mchezo huu.

Nilichojifunza hapo ni kwamba hata mzamiaji mzoefu anaanza kama mwanafunzi. Mwenye mtungi anaambiwa: usibane pumzi kamwe. Hewa ya mtungi aliyoivuta kule chini inatanuka anapopanda, na akiibana inaweza kupasua mapafu. Mwenye mkia hana mtungi, kwa hiyo lazima abane. Sheria zake ni nyingine: asiwe peke yake hata dakika moja, na asihemehheme haraka-haraka kabla ya kuzama, maana anaweza kuzimia chini ya maji bila onyo lolote. Tena lazima ajue kuuvua mkia haraka. Fundo la kitenge likilowa, hata mimi hulifungua kwa meno.

Sasa nije kwetu. Wengi tulilelewa kwa neno moja: usiende majini, mamba muntu atakukamata. Silidharau, wazee walitaka tubaki hai. Lakini mtoto aliyetishwa tu hajui kuelea, na sisi wakimbizi maji tunayavuka tupende tusipende. Tarehe 22 Machi 2014 boti ilizama ziwa Albert ikiwa imejaa ndugu zetu waliokuwa wanarudi Congo, wengi wao kutoka Kyangwali. Walikufa zaidi ya 200, na watoto walikuwa wengi. Kuna nyumba ambazo bado hatuwezi kuitaja tarehe hiyo kwa sauti.

Huko Zanzibar kaskazini, kwenye mradi wa Panje, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kufunika mwili mzima, wanaelea wakishikilia jerikani tupu. Jerikani! Bidoni, kidomola, liite upendavyo, kila nyumba hapa inalo. La lita 20, tupu, limefungwa kifuniko vizuri, linaweza kumweka mtu juu ya maji. Ukiona mtu anazama usimrukie, mrushie hilo. Na kwenye boti dai jaketi la kuokolea kabla ya kupanda. Wakikuambia yameisha, ngoja boti nyingine, hata wakikucheka.

Simwambii mtu apeleke mtoto ziwani kujifunza. Kuna kichocho, na viboko hawasikii salamu. Ila yeyote mwenye jamaa mjini anayeweza kumpeleka mtoto pisini penye mlinzi, mtoto aanze na kuelea chali. Mkia usubiri.

Binti yetu amerudi pisini mara tatu. Sasa anaelea chali mpaka nihesabu 20, macho ameyafumba, masikio majini. Kitenge changu naenda nacho bado, ila nakikalia.