Elimu ya Filamu na Utamaduni: Sehemu ya Pili

Elimu ya filamu na utamaduni haikuingia vyuoni kwetu kwa mlango wake yenyewe, bali ilipitia mlango wa fasihi, uliofunguliwa tarehe 24 Oktoba 1968, pale Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika, simulizi zikiwamo, iwekwe kitovuni. Tangu hapo hadithi ya bibi kizee ikawa na hadhi ya kusomewa shahada.

Lakini kamera ilikwisha kutangulia. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, Tanganyika, zilipigwa filamu za kuwafundisha raia kilimo na afya. Wenyeji walicheza mbele ya kamera, ila amri ya nini kionekane ilikuwa mikononi mwa wageni. Ndiyo maana suala la kwanza la mwanachuoni wa fani hii ni hili: jicho linalotazama ni la nani?

Na aliulize suala hilo Bungoma, ambako mzee wa Kibukusu mwenye daraja akifariki, huja omuswali, yaani msemaji wa matanga, akasimama mbele ya hadhara, akaenda akirudi, akisimulia nasaba za koo na vita vya Chetambe vya mwaka 1895 kati ya Wabukusu na Waingereza, kisha akawausia walio hai. Siku hizi mpiga video huwapo. Je, amemwelekea msemaji peke yake, au pia nyuso za wasikilizaji, ambazo kwazo maneno yale hupata uzito? Wanawake wamo? Kilichokatwa kimekatwa kwa rai ya nani, na kanda imehifadhiwa wapi? Maandishi matupu hayawezi kuuchukua mwendo wa omuswali, wala kimya chake.

Kitale nako kuna makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1974 na kurithi mkusanyo wa makumbusho ambayo Mwingereza Stoneham aliyaanzisha mwaka 1926; hazina adhimu, ingawa ala ya muziki iliyo nyuma ya kioo hailii, ilhali katika filamu husikika ikilia.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa vyuo, hasa Chuo Kikuu cha Kibabii kilicho jirani na wazee wenyewe, waikubali filamu iliyotungwa kwa uchunguzi na ridhaa ya wenyeji kuwa tasnifu kamili, sawa na kitabu, wala wasingoje wasemaji hawa watoweke.