Dukani Pasipo na Muuzaji

Krismasi iliyopita wifi yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo hapa Singida. Siku moja jioni tulikuwa tumekaa barazani tukichambua mchele, yeye, mama mkwe na mimi, naye akaanza kutusimulia jinsi anavyonunua vyakula huko aliko.

"Unachukua kikapu, unajichagulia unachotaka. Ukifika mahali pa kulipia hukuti mtu. Kuna mashine imesimama. Unapitisha kila kitu mbele yake, kimoja kimoja, yenyewe inaonyesha bei. Unaweka kadi, unafungasha mwenyewe, unaondoka."

Mama mkwe aliacha kupepeta. "Hakuna mtu kabisa?"

"Yupo mmoja, mama. Anasimamia mashine nyingi peke yake."

"Basi mimi nikikosea, nani ataniambia?"

Wifi alicheka, lakini mimi sikucheka. Nilijua swali lile limetoka wapi, na nitawaeleza baadaye. Kwanza tutazame jambo lenyewe, kwa maana ingawa mashine za namna hiyo si sehemu ya maisha yetu hapa Singida, mwendo uliozileta umekwisha kutufikia majumbani mwetu kwa njia nyingine.

Mambo yalianzaje?

Zamani, karibu kila mahali duniani, mnunuzi alisimama upande mmoja wa kaunta na muuzaji upande wa pili. Ulitaja unachotaka, naye akakifuata rafuni, akakipima, akakifunga. Mwezi Septemba 1916, mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Clarence Saunders, alifungua duka katika mji wa Memphis akaliita Piggly Wiggly. Humo wateja waliingia wenyewe, wakapita katikati ya rafu, wakachukua bidhaa kwa mikono yao na kulipa mlangoni. Alihitaji wafanyakazi wachache zaidi, na kwa hiyo aliweza kuuza kwa bei nafuu.

Hatua ya pili ilikuja tarehe 26 Juni 1974 katika mji wa Troy, jimbo la Ohio. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza dukani, mashine ilisoma ile mistari myeusi inayochapwa kwenye pakiti. Bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya chingamu. Tangu hapo keshia hakulazimika tena kukumbuka bei wala kuibonyeza. Na kama mashine inajua bei, ya nini kuwa na keshia? Katika miaka ya 1980, David Humble wa Florida alitengeneza mtambo ambao mnunuzi mwenyewe angeutumia kulipia.

Tazameni basi, akina mama, jinsi kazi ilivyohama hatua kwa hatua. Kwanza mnunuzi alipewa kazi ya kufuata bidhaa rafuni. Kisha akapewa ya kuhesabu, ya kupokea malipo na ya kufungasha.

Kaunta zetu

Tusijidanganye kwamba kaunta ilikuwa pepo. Wenye umri wangu na zaidi wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalikuwa yamefungwa katika Operesheni Maduka ya mwaka 1976, na nafasi yake ikachukuliwa na maduka ya vijiji na ya ushirika. Bidhaa zilipoadimika, tulipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya sabuni na sukari. Aliyesimama nyuma ya kaunta alikuwa mtu mkubwa. Aliweza kukuambia "sukari hakuna" na huku gunia unaliona kwa macho yako. Ndugu na marafiki walipitia mlango wa nyuma. Hali ilianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu binafsi kuingiza bidhaa kwa fedha zao.

Lakini kulikuwa na kaunta nyingine pia, na hii ndiyo anayoikumbuka mama mkwe. Katika kijiji chake huko Iramba palikuwa na muuza duka ambaye alimhesabia fedha kwenye kiganja, noti moja moja: "Hii ya chumvi, mama. Hii ya mafuta ya taa. Na hii ndiyo chenji yako." Mama hakwenda shule. Kwa miaka mingi macho ya muuza duka yule yalikuwa ndiyo macho yake. Mwezi alipokosa fedha, jina lake liliandikwa katika daftari la mkopo, akalipa baada ya kuvuna alizeti.

Huduma ya kujihudumia

Mabadiliko yetu hayakuja kwa mashine za supamaketi. Yalikuja kwa mita na kwa simu. TANESCO walileta LUKU, yaani Lipia Umeme Kadiri Utumiavyo, na leo hatungoji tena msoma mita. Mwezi Aprili 2008 M-Pesa ilianza Tanzania, na kampuni nyingine za simu zikafuata. Sasa tunanunua umeme, tunalipa maji na ada, hata nyanya sokoni, kwa kubonyeza namba.

Mwaka 2024 ulitupa mfano ulio wazi. Mita za umeme za malipo ya kabla, si hapa tu bali katika nchi nyingi, zilihitaji kurekebishwa kabla ya tarehe 24 Novemba, la sivyo zisingepokea umeme mpya. Kazi hiyo haikufanywa na fundi aliyepita nyumba kwa nyumba. Mteja alitumiwa namba, akaziingiza mwenyewe: makundi matatu ya tarakimu 20, jumla tarakimu 60. Ni akina mama wangapi tuliosimama mbele ya mita, mtoto akisoma, sisi tukibonyeza! Tulifaulu. Lakini ilikuwa kazi, na ilikuwa yetu.

Yaliyompata mama

Mwezi Desemba mwaka juzi mama mkwe alikuja mjini kuuza kuku. Mnunuzi alimlipa kwa simu. Kisha mama akaenda kununua mbegu za alizeti, maana mvua zilikuwa zimeanza. Duka lilijaa watu. Muuzaji alimwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani akasema, "Mama, namba ya kulipia ile pale," akaendelea na wengine.

Mama alisimama na simu mkononi. Kijana mmoja aliyevaa vizuri akamwamkia kwa heshima, akajitolea kumsaidia. Akamwuliza namba ya siri, na mama akaitaja. Mbegu zililipiwa kweli. Lakini kabla ya kumrudishia simu, kijana yule alituma fedha zote zilizobaki kwenye namba nyingine. Zilikuwa shilingi 85,000. Ujumbe uliingia kwenye simu, ukakaa humo, nao uliandikwa kwa Kiswahili safi kabisa. Ila mama hasomi.

Alijua jioni, alipokwenda kwa wakala kutoa fedha za nauli. Na hakutuambia. Alikaa na jambo hilo wiki tatu, akisema kuku walikufa njiani. Siku aliponieleza alilia, si kwa ajili ya fedha. "Nilidhani mtaniona mjinga," alisema.

Wapendwa, aibu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Wazazi wetu si wajinga. Wamelima, wamezaa, wametulea kwa hesabu za kichwani ambazo sisi hatuziwezi. Kilichotokea ni kwamba aliyekuwa akiwasaidia kuhesabu ameondolewa, na hakuna aliyewaandaa.

Faida zipo

Hata hivyo si haki kulaumu tu. Kujihudumia kumempa mwanamke mambo ambayo kaunta haikumpa. Msichana anaweza kuchukua taulo za kike rafuni bila kutaja haja yake mbele ya wanaume kumi. Mama anaona bei kabla hajauliza, akalinganisha, akarudisha kilicho ghali bila kudharauliwa. Umeme ukikatika saa nne za usiku na mtoto ni mgonjwa, unanunua ukiwa kitandani. Na mashine haina mlango wa nyuma kwa ndugu zake.

Kwa hiyo swali si kama tuyakubali mabadiliko au tuyakatae. Swali ni nani anayebebeshwa gharama yake. Mara nyingi ni watu wa namna mbili. Wa kwanza ni mzee asiyesoma au asiyeona vizuri. Wa pili ni kijana anayetafuta kazi, maana kwa wasichana wengi waliomaliza kidato cha nne kazi ya kwanza ni ya kukaa dukani. Pale ndipo wanapojifunza kuwahi, kutunza fedha za mtu mwingine na kusema na wateja wa kila aina.

Wengine wamefikiri upya

Si kweli kwamba kila aliyetangulia anaendelea mbele tu. Mwaka 2023 kampuni ya Booths, yenye maduka yapatayo 28 kaskazini mwa Uingereza, ilitangaza kuondoa mashine hizo katika karibu maduka yake yote, ikabakiza katika mawili tu, ili wateja wahudumiwe na watu. Uholanzi nako, kampuni ya Jumbo ilianzisha mwaka 2019 kaunta maalumu za wasio na haraka, ambapo keshia anazungumza na mteja kadiri apendavyo. Walengwa wakubwa walikuwa wazee wapweke. Mwaka 2021 ikatangaza kwamba itaziongeza zifike 200.

Hebu fikirini! Wenzetu wanaweka kaunta maalumu ili mzee apate mtu wa kumsalimu. Sisi salamu bado tunazo bure. Tusiziuze kwa bei rahisi.

Tufanye nini nyumbani?

1. Wafundishe wazee tarakimu. Asiyejua kusoma barua anaweza kujua tarakimu kumi. Anza na namba zilizo kwenye noti, kwa sababu noti anazijua. Kisha mwonyeshe zilezile kwenye simu. Mpe dakika chache kila siku, na usimcheke.

2. Namba ya siri ni siri. Asiambiwe mjukuu, jirani, wala anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu. Kama imekwisha kujulikana, ibadilishwe leo.

3. Msaada uombwe kwa mwenye duka, si kwa mpita njia. Aliyepokea fedha zako ana wajibu wa kukuhudumia. Mwambie bila woga, "Nisomee jina lililotokea kabla sijalipa." Namba ya siri uiweke mwenyewe.

4. Usiondoke kabla ya ujumbe. Usome au usomewe na mtu unayemwamini: kiasi kilicholipwa, jina la aliyelipwa na salio lililobaki. Ukiona kosa, ipigie simu kampuni yako mara moja. Usingoje wiki tatu kwa kuona haya.

5. Walee watoto katika uaminifu usio na msimamizi. Duka la kujihudumia humwachia mnunuzi mambo mengi mkononi mwake. Mtoto anayemwona mama akirudisha chenji iliyozidi, au akisema "hiki hukukihesabu," amepata somo ambalo mashine haiwezi kumpa. Anayemcha Mungu hahitaji mtu wa kumchungulia.

6. Kama wewe ni mwenye duka, fikiria kiti kimoja. Wengi wetu tuna genge au kibanda. Bandika namba ya malipo ukutani, ni vizuri, lakini weka na kiti cha mzee pembeni, na umhudumie kwa mdomo wako. Hutapoteza zaidi ya dakika tano.

Mwisho

Baada ya wifi kurudi kwake, mama mkwe aliniambia kwamba anataka kujifunza. Tulianza na noti ya elfu moja, tukaendelea. Tarakimu 6 na 9 zilimsumbua sana, mpaka alipoamua mwenyewe kwamba moja ni mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, na nyingine ni aliyejitwika mtungi.

Mwezi Januari mwaka huu tulikwenda pamoja kununua mbegu. Duka lilikuwa limejaa kama kawaida. Nilinyosha mkono kuchukua simu, akaukataa. Akabonyeza moja moja, taratibu, miwani ikiwa puani. Watu walioko nyuma walianza kunung'unika. Hakugeuka. "Ngojeni," alisema, "nanyi mtazeeka."

Alipomaliza aliinua simu juu kumwonyesha muuzaji. "Nimekosea?"

Yule muuzaji, msichana mdogo tu, aliacha alichokuwa akifanya, akaja mpaka kwenye kaunta, akatazama.

"Hujakosea, mama," akamjibu. "Shikamoo."