Kinda la chozi halikui kwa maji ya sukari

Watoto wa Isikizya, wilayani Uyui, wakiokota kinda la chozi humnywesha maji ya sukari, kwa sababu wamemwona mkubwa akifyonza nekta kwenye ua la mgomba. Nia ni nzuri, chakula sicho.

Chozi kidari-chekundu hukaa kwenye miombo na hata bustani za nyumbani. Dume ni mweusi mwenye kifua chekundu na koo la kijani linalong'aa. Jike ni kahawia tu, wengi hawamtambui. Makinda wao hulishwa wadudu na buibui. Bila protini hawakui, sawa na mtoto anayeshindia uji mtupu.

Mzazi, mwambie mwanao amrudishe kiotani, kwenye kile kifuko kinachoning'inia mtini. Mama yake hatamkataa eti kwa kuwa ameguswa.